Listi ya kazi inatoka saa mbili usiku, na nyumba imeharibika: tufanyeje?

Swali:

"Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka tisa na minne, naishi Mikindani, Mombasa. Mume wangu ni dereva wa foklifti kwenye depo ya kontena. Tuna miaka kumi na mmoja katika ndoa. Zamani alikuwa akiingia asubuhi na kutoka jioni, lakini tangu mwaka jana listi hutumwa WhatsApp saa mbili usiku, ndipo ajue kesho ni mchana au ni naiti. Anaweza kufanya mchana mbili, ofu moja, naiti tatu, kisha arudishwe mchana. Hata siku ya ofu huitwa kazini. Shifti ni saa moja hadi saa moja. Akirudi asubuhi hulala kwa taabu, na watoto wakicheka tu anawafokea. Hali chakula nasi. Mambo ya chumbani nisiseme. Mara mbili ameamka akihema, anasema kuna kitu kilimkalia kifuani, hawezi kujitikisa wala kuita. Mavyaa anasema ni jini, kuna mtu katutupia jicho. Shoga yangu anasema ana mwanamke. Usiku hutafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, ili akeshe, asubuhi humeza Piriton alale. Mimi huamka saa tisa usiku kukaanga mahamri ya kuuza, na nimechoka. Nimesikia redioni kuwa ndoa za watu wa naiti hazidumu. Aache kazi? Ama niwapeleke watoto kwa mama yangu Kwale mpaka mambo yatulie? Na kuna dawa ya kuufanya mwili uzoee?"

Jibu:

Waaleikum salaam, dada yangu. Umeuliza matatu, na yote nitayajibu, ila kwanza tuelewane kuhusu kinachotendeka katika mwili wa mumeo na ndani ya nyumba yenu. Mavyaa analaumu jini, shoga yako analaumu mwanamke, redio inalaumu naiti. Mimi nailaumu ile listi ya saa mbili usiku.

Nianze na huyo mwanamke, maana naona umemtaja harakaharaka kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Siwezi kukuapia kwamba hayupo. Mumeo simjui, na kazi ya usiku haimtakasi mtu. Ninachoweza kukwambia ni kwamba katika yote uliyoyaandika hakuna hata moja lisiloelezeka kwa kukosa usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana wa kiume 10 wenye afya njema, wakawaacha walale saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja. Homoni yao ya kiume ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao walikuwa vijana, na ilikuwa wiki moja. Mumeo ana mwaka mzima. Subira nayo hukatika mapema kwa mtu asiyelala, kwa sababu ubongo uliochoka huona ubaya pasipo na ubaya. Kicheko cha mtoto kinamwingia kama kelele, na ukimuuliza "umeamkaje" anasikia kama anahojiwa.

Shaka yenyewe imepata pa kukaa kwa sababu siku hizi hujui yuko wapi saa ngapi. Zamani ulijua jioni anashuka stejini, basi hapakuwa na la kujadili na shoga yako.

Sasa mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapokutana, kuna kifundo kidogo cha seli kinachopanga saa za mwili mzima: lini joto lipande, lini tumbo lifanye kazi, lini homoni ya usingizi iitwayo melatonini itolewe. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofichua jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kinachoirekebisha zaidi ya kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni, na hapa kwetu, karibu na ikweta, jua halina mchezo. Mwaka mzima huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili u nusu. Mumeo akitoka kazini saa moja, jua limeshapanda, linampiga usoni njia nzima na kuiambia saa yake kumekucha. Naye ndiyo kwanza anataka kulala.

Kwa hiyo usingizi wake wa mchana ni mfupi hata akiachwa peke yake. Watu wa naiti kwa kawaida huambulia saa 5 au 6, na wengi hawafiki hapo. Tena mwili hulala vizuri unapopoa. Saa nne asubuhi joto lake la ndani linapanda, na chumba chini ya mabati, mwezi wa pili, kaskazi imekaza, kinapanda pamoja nalo.

"Utazoea tu." Neno hili nalisikia sana kwa watu wa bandari na madepo, na silipendi, maana humfanya mtu ajione dhaifu. Anayefanya naiti tupu miezi na miezi hujisogeza kidogo, na hata yeye mara nyingi hafiki, kwa kuwa kila ofu anarudi kuishi mchana na watu wake. Anayegeuzwa kila baada ya siku mbili tatu hana cha kuzoea. Saa ya mwili husogea kama saa moja hivi kwa siku, na listi inaitaka isogee kumi na mbili kwa mpigo. Basi swali lako la mwisho nimekwisha kulijibu: dawa ya kuufanya mwili uzoee hakuna. Tembe za melatonini humsaidia mtu mmoja mmoja kupata usingizi, akiandikiwa na daktari, lakini haziwezi kushindana na jua wala na listi.

Hilo lililomkalia kifuani ni jinamizi, na lina maelezo. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli karibu yote ili tusiinuke tukatenda tunayoyaota. Kwa mtu ambaye usingizi wake umevurugika, akili inaweza kuamka kabla misuli haijafunguliwa. Macho yanaona dari, feni inazunguka, mkono hauendi, sauti haitoki. Ndoto nayo haijaisha, kwa hiyo anahisi kuna mtu chumbani. Kifua anakiona kizito kwa sababu misuli inayosaidia kupumua imelegea, imebaki kiwambo cha chini ya mapafu kikifanya kazi peke yake. Huchukua sekunde kadhaa, au dakika moja mbili, na haliui. Humjia zaidi anayelala chali, aliyechoka mno, na anayelala asubuhi, kwa kuwa saa za asubuhi ndizo zenye ndoto nyingi. Mwambie alale ubavu. Likimjia asipigane nalo. Ajaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu, kisha mwili wote hufuata.

Mavyaa akitaka mwanawe asomewe, na asomewe. Kisomo hakimdhuru, pengine kitamtuliza. Ila msomaji akianza kutaja jirani fulani kuwa ndiye mwenye jicho, hapo shukuruni muondoke. Mtarudi nyumbani na adui mpya, na usingizi bado hamna.

Muguka nitausema bila kuhubiri. Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, mahakama ikaisimamisha amri, mji ukagawanyika, huko siingii. Mimi naangalia saa tu. Anachotafuna saa nane usiku, saa tatu asubuhi hakijamtoka. Ndipo anameza Piriton. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, na hukaa mwilini saa nyingi sana, hata ikavuka siku. Kwa hiyo jioni anapanda foklifti na dawa ya kusinzia damuni, anaipinga kwa muguka, na asubuhi anaupinga muguka kwa Piriton nyingine. Wengi wako kwenye duara hili na hakuna aliyeliingia kwa ujinga. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ina maana. Namna ya kutoka ni kuanza na saa. Muguka, kahawa na soda za nguvu visivuke saa sita usiku, kwani hata kafeini ya kahawa na soda, baada ya saa 5 hivi, bado nusu yake imo. Piriton aiache, aanzie siku ya ofu, na ajue siku chache za mwanzo zitakuwa ngumu.

Hatari yenyewe si ya kubeza. Siku ya kwanza ya naiti, aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa tano usiku amekaa macho saa 17. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu wa hivyo hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mumeo hapo bado ana saa 8 juu ya mashine, na kuna watu wanaotembea kwa miguu kati ya kontena.

Sasa turudi kwenye listi. Redio haikukudanganya, ila ilikukatia maneno. Harriet Presser, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 2000 kwamba akina baba wenye watoto, wanaofanya kazi usiku na walio katika ndoa chini ya miaka 5, walikuwa katika hatari ya kuachana iliyo kama mara 6 ya wenzao wa mchana. Ninyi mna miaka kumi na mmoja, na mumeo hafanyi naiti ya kudumu. Usijivishe nguo ya mwingine. Utafiti unaowakaribia ninyi ni wa Daniel Schneider na Kristen Harknett, uliotoka mwaka 2019 baada ya kuwauliza maelfu ya wafanyakazi wa maduka na mikahawa huko Marekani. Kubadilishiwa shifti ghafla, kuitwa na kughairiwa, kuliambatana na usingizi mbaya, msongo na kukosa raha, na kwa nguvu kuliko hata udogo wa mshahara.

Hapa Mombasa hatuhitaji Wamarekani kulijua hili. Tazama Ramadhani. Mji mzima hugeuka naiti: watu hula magharibi, hutoka tarawehe, barazani hadi usiku wa manane, daku, kisha kazini macho mekundu. Uchovu upo tele. Lakini mwezi huo ndio familia nyingi hukaa pamoja kuliko miezi yote, kwa sababu kila mtu, hata mtoto wa miaka minne, anajua saa ya futari ni ngapi na nani atakuwepo.

Sasa chukua nyumba yenu. Mtoto akiahidiwa Ijumaa mtaenda Mama Ngina kula mihogo, na Ijumaa baba akaitwa, atalia. Mara ya pili atanuna. Mara ya nne hataomba tena, nawe utadhani amekua, kumbe ameacha kumtegemea. Wewe huwezi kuchukua oda ya mahamri ya harusi kwa sababu hujui nani atabaki na mdogo alfajiri hiyo. Taratibu nyumba inajipanga bila yeye, wala si kwa ubaya, ni kwa sababu lazima iende. Kisha anapata ofu, anakaa sebuleni, anakuta kila uamuzi umeshapitishwa, kila mtu ana njia yake, na yeye kazi yake ni kunyamaziwa. Wanaume wengi katika hali hiyo hufoka, maana kufoka ndiko kulikobaki kunakomfanya aonekane yupo. Simtetei. Mtoto aliyefokewa amefokewa. Nakueleza tu panapotoka.

Na hili si jipya mjini hapa. Wafanyakazi wa bandari waliokuwa wakichukuliwa kwa siku, leo yuko kesho hayuko, walikuwa katikati ya mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, na miaka iliyofuata ndipo waajiri wa bandarini walipoanza kuwaandika watu kazi za kudumu. Kutojua kesho kulishawahi kuonekana kuwa ni jambo la kupigania.

Nyumbani, anzeni na hiyo listi. Ikitoka saa mbili, aitume kwako papo hapo, na kuwe na karatasi ukutani, karibu na mlango, ambapo yule wa miaka tisa ataandika: baba yuko mchana, baba yuko naiti, baba analala. Kuandika kuwe kazi yake huyo mkubwa. Anayeandika hushangazwa kidogo kuliko anayeambiwa. Nawe utapungukiwa na ile kazi ya kukisia, na shoga yako atapungukiwa na cha kusema.

Halafu chagueni vitu viwili vya baba kwa wiki, vidogo kiasi kwamba shifti yoyote haiwezi kuviua. Safari za matembezi hazifai, zinavunjika. Nafikiria kitu kama kumpeleka mkubwa chuoni au shule siku anayotoka naiti, kabla hajalala. Robo saa ya njiani inatosha. Au ujumbe wa sauti saa mbili usiku akiwa depo, kwa mdogo, kila siku ya naiti bila kukosa. Nimeona watoto wakiusikiliza ujumbe mmoja mpaka bando likaisha. Kitu kidogo kisichokosa kina uzito kuliko Jumapili nzima ya mara moja kwa miezi miwili.

Ninyi wawili wekeni mwiko mmoja: karo, mavyaa, kodi na malalamiko visitajwe katika saa mbili za kwanza baada ya kutoka naiti. Aoge, ale kidogo, alale. Yatajwe alasiri akishaamka na kunywa chai. Na la chumbani, dada, lipeni wakati badala ya kulingoja lije lenyewe usiku, kwa maana usiku wenu hauko tena. Alasiri ya siku ya ofu, mdogo akiwa kwa jirani, si aibu. Ni ratiba.

Kuhusu kulala kwenyewe: mchana alale mara mbili badala ya kung'ang'ania mara moja. Kipande kikubwa kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa saba, halafu saa nzima kabla ya kujitayarisha kwa naiti nyingine. Dirisha lifunikwe kweli. Leso moja haizuii jua la Mombasa, weka mbili nzito au bandika boksi la katoni lililokunjuliwa. Feni ifanye kazi mbili, upepo na kufunika kelele. Njiani avae kofia ya ukingo mpana au miwani ya jua ikiwa yeye ni abiria; akiwa ndiye anayeendesha pikipiki, hapana, asivae, na bora zaidi apande matatu, kwani usingizi wa sekunde tatu kwenye barabara ya Magongo kukiwa na malori ya kontena hauhitaji maelezo. Chakula kikuu ale kabla ya kuingia kazini. Saa tisa usiku ale kitu chepesi, maana saa hizo mwili huishughulikia sukari vibaya, na sahani ya wali wa nazi itamlaza au itamvimbisha tumbo. Siku ya kutoka naiti kurudi mchana, asilale kutwa nzima: alale kwa muda wa saa 3 tu asubuhi, aamke, atoke nje kwenye mwanga, ajikaze hadi saa tatu usiku.

Mtoto wa miaka minne hanyamazi kwa kuambiwa. Mtafutie jirani mwenye mtoto wa umri wake, mbadilishane: yeye akuchukulie saa tatu hadi saa sita siku za naiti, wewe umchukulie wake siku nyingine, au umlipe kwa mahamri. Watoto wasifundishwe kumwogopa baba aliyelala. Waambieni sababu waziwazi: baba alikuwa kazini mlipokuwa mmelala, sasa ni zamu yake.

Na wewe je? Umeandika mistari mingi juu ya usingizi wa mumeo na mmoja juu ya wako. Anayeamka saa tisa usiku kila siku, kisha akashika watoto mchana kutwa, naye ni mfanyakazi wa zamu; tofauti ni kwamba hana listi wala ofu. Kizuri ni kwamba saa yako haibadiliki, kwa hiyo mwili wako unaweza kuifuata ukilala saa mbili na nusu usiku, au saa tatu ikichelewa sana. Najua listi inatoka saa mbili na unaingoja. Isome, kisha lala. Hayo mengine yatazungumzwa alasiri. Mdogo akilala baada ya adhuhuri nawe lala, vyombo viache. Chagua siku moja kwa wiki usiyokaanga, hata kama wateja watanung'unika.

Watoto kwenda Kwale. Wakati wa likizo ya shule, wiki mbili tatu, naunga mkono. Nyumba itapumua, na kwa barabara ya Dongo Kundu hamhitaji hata kungoja feri. Lakini kuwahamisha mpaka "mambo yatulie" sikushauri. Mambo haya hayana tarehe ya kutulia, na baba ambaye tayari ni mgeni kwa watoto wanaoishi naye atakuwa mgeni zaidi kwa watoto wasioishi naye. Mkubwa atabadilisha shule, mdogo atamzoea bibi, na kuwarudisha kutakuwa kazi ya pili. Kuna hali moja tu inayonifanya niseme wapeleke leo, nitaitaja mwishoni.

Aache kazi? Nitasema ninavyoona. Kazi ya usiku kwa miaka mingi ina madhara: kisukari na maradhi ya moyo huonekana zaidi kwa watu wa zamu, na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, mwaka 2007 na tena 2019. Kwa hiyo kutafuta kazi nyingine ni jambo la akili. Kuiacha hii kabla ya kupata nyingine, mkiwa na karo na kodi, ni jambo jingine. Msongo wa kutokuwa na senti nao hauwaachi watu walale. Afadhali kwanza mjaribu kuibadilisha listi.

Asiende peke yake kwa supavaisa, na asiende na lawama. Waende watatu wanne, au kupitia mwakilishi wao wa chama ikiwa wanacho, wakiwa na pendekezo. Najua supavaisa atasema meli haziji kwa ratiba, na kwa kiasi fulani ni kweli: meli ikichelewa kushusha, depo inakaa tupu, ikija, kontena zinamiminika. Lakini meli haidondoki kutoka mbinguni. Zinazotarajiwa Kilindini hutangazwa na bandari siku kadhaa kabla. Kwa hiyo inawezekana kupanga listi ya wiki nzima, kila mtu akawa na siku mbili zisizoguswa, na siku moja inayojulikana mapema kuwa ni ya kungoja kuitwa. Waombe pia mzunguko uende mbele, mchana kadhaa, ofu, kisha naiti kadhaa, badala ya kupigwa huku na huku. Na kama bosi ni mtu wa hesabu, aambiwe kuhusu kampuni ya nguo ya Gap: walipojaribu ratiba tulivu kwenye maduka yao ya San Francisco na Chicago, matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha mauzo yamepanda kwa asilimia 7.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kifungu cha 28 kinampa siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka. Kanuni za jumla za mishahara zinaweka saa 52 za kawaida kwa wiki, na 60 kwa wa usiku. Zinazozidi ni ovataimu ya mara moja na nusu, au mara mbili akiitwa siku ya mapumziko. Shifti za saa kumi na mbili hufika huko upesi, basi aandike saa zake kwenye daftari. Ikiwa analipwa kama kibarua, kifungu cha 37 kinasema aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla isiyopungua mwezi mmoja hatazamwi tena kama kibarua wa siku. Mazungumzo yakigonga mwamba, ofisi ya leba ipo hapa Mombasa. Ila wapime: kuna depo ambazo anayekwenda leba peke yake haoni tena jina lake kwenye listi. Ndiyo maana nimesema watatu wanne.

Pia kuna njia ya katikati ambayo watu huidharau: kuomba naiti za kudumu, au mchana wa kudumu kwa malipo pungufu. Naiti za kudumu si nzuri kwa mwili, lakini zinajulikana, na kwa nyumba yenye watoto wadogo ningeichukua naiti inayojulikana kuliko huu mchanganyiko.

Sasa mambo ambayo kuandikiana hakutoshi. Akisinzia juu ya foklifti au barabarani hata mara moja, aende kwa daktari kabla ya shifti inayofuata. Vivyo hivyo akikoroma kwa nguvu kisha pumzi ikakatika na kurudi kwa kushtuka, huo ni ugonjwa wa usingizi wenye tiba. Jinamizi likija kila wiki, au akaanza kulegea magoti anapocheka, aseme hospitali. Mwenye presha, kisukari au kifafa asijaribu mabadiliko haya ya kulala na kula bila daktari wake kujua. Huzuni isiyoondoka wiki mbili, kutoona maana ya kitu chochote, au maneno ya kutaka kufa, yako au yake, si ya kungoja ofu. Hospitali ya Port Reitz kule Changamwe ina kitengo cha afya ya akili, na si mbali na kwenu.

Na ile hali niliyoiahidi. Umeandika "anawafokea". Ikiwa neno hilo umelilainisha, na mkono umeshainuliwa juu yako au juu ya watoto, yote ya listi na leso za dirishani yangoje. Chukua watoto uende Kwale, na upige 1195, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure, au 116 kwa ajili ya watoto. Uchovu unaeleza hasira, hauruhusu kipigo.

Ikiwa si hivyo, na mkaamua kumwona daktari au mshauri wa ndoa ana kwa ana, nendeni na karatasi ya wiki mbili: saa alizolala, saa ulizolala wewe, shifti gani, muguka na Piriton kiasi gani na saa ngapi. Daktari atayauliza hayo kwanza, na bila karatasi kila mmoja atajibu kwa kukisia. Mweleze mumeo mapema kwamba karatasi inakuhusu wewe pia, asije akadhani anapelelezwa.